Ampea Thelathini

Chaja iliyokuja na pikipiki
ilitoa ampea tano, basi.
Betri ni ya arobaini: piga hesabu mwenyewe.
Saa nane na ushee
Asajile alikaa Isyonje kwenye mashine ya baba,
waya umepita dirishani kama mkia wa paka,
na sisi tukamenya viazi,
tukabishana kama Inyala kuna baridi kuliko hapa,
unga ukitutua kwenye kope
mpaka nikamwona na mvi ambazo bado hajaota.

Ndipo akaja na maboksi mawili kutoka Mwanjelwa,
ya bati, yenye mapezi, mazito kama matofali mabichi,
kila moja ampea kumi na tano.
"Wewe ndiye uliyesoma umeme," akasema,
"nifungie."

Nikamfungia.
Chini ya kiti, palipokaa koti la mvua na spana zake,
nikapima kwa kidole, kisha kwa futi,
nikakata flatibaa ya kitanda cha marehemu shangazi
(kitanda kilikuwa imara kuliko ndoa yake),
nikatoboa matundu manne, moja likaenda upande.
Kila mguu nikauvika kipande cha tyubu kuukuu,
kwa sababu barabara ya kupanda Kitulo haina huruma
na nati isiyo na mpira hujifungua yenyewe
kama siri.
Feni nikazigeuzia nyuma, mvua ya Machi isizipige usoni.

"Waya mnene," nikamwambia, "siyo huu wa redio."
Akaenda Uyole, akarudi na mwekundu mita mbili,
mweusi mita moja na nusu; hela iliishia hapo.
Nikaunga. Nikaweka fyuzi.
Kabla ya kugusanisha nikapitisha balbu katikati
ili betri isishtuke ikatema cheche.
Balbu ikawaka, ikafifia taratibu,
na sisi wawili tukaitazama mpaka mwisho
bila neno,
kana kwamba kuna mtu anaondoka.

Mita ikasoma themanini na nne kamili.
Nikairudisha kwa bisibisi: themanini na tatu nukta sita.
Kisichojazwa mpaka ukingoni hudumu.
Baba akazima mashine ya kusaga, akasikiliza feni,
akauliza nani atalipa LUKU.

Saa moja na nusu.
Hesabu hiyo niliijua kabla hajafungua boksi.
Viazi nusu ndoo. Ubishi wa Inyala
hautafika hata katikati.
Atapanda Kitulo, atarudi na madumu ya maziwa,
atashuka Uyole, atakunywa umeme wa watu wengine.
"Ndaga," akasema, akavaa helmeti,
na ndani ya helmeti akasema kitu kingine
ambacho sikukisikia.

Nikashika usukani wake.
Sikiliza, nikasema. Julai hii,
nyasi zikiwa bado nyeupe kwa sakitu,
usiwashe chaja zote mbili asubuhi.
Moja tu. Betri iliyolala kwenye baridi haitaki kusukumwa,
inaumia ndani, pasipoonekana.
Moja tu. Saa tatu kasoro.

Hilo ni kweli. Waulize mafundi wote.
Nilimwambia kwa sababu ni kweli.